Kamera ya Uani

Kama mlioana mtaa wa Ngamiani katika miaka ile ya hamsini, mkono wa Mastura binti Miraji ulipita nyumbani kwenu. Ama alimtia hina bibi arusi wenu, ama alimchora piko, ile rangi nyeusi ya urembo, ama alikuja tu kusimama mlangoni na kusema kwamba aliyemchora huyu kamharibu. Alikuwa mpambaji, na mpambaji hodari ana ruhusa ya kuwa na ulimi. Wakati wa kisa hiki alikuwa na miaka thelathini na sita. Alikwisha kuolewa mara mbili na kuachwa mara mbili, watoto hakujaaliwa, na alikaa na mama yake, Bi Mwanamkasi, katika nyumba yenye ua mpana uliozungushiwa makuti. Waliomwonea huruma aliwaambia wakae nayo hiyo huruma yao, huenda wakaihitaji wenyewe.

Mwaka 1956, Maulidi yalipokwisha, alimpamba binti mmoja aitwaye Sabiha. Alimchora kuanzia vidole vya miguu hadi magotini, mikono yote miwili mpaka viwiko, kazi ya siku mbili na nusu. Alipomaliza, Sabiha akaomba kioo. Kilikuwepo kioo cha mkononi, cha ukubwa wa sahani ya chai, akajitazama jicho moja, kisha jicho la pili, kisha kidevu. Halafu akaangua kilio.

"Wiki ijayo piko limefutika," akasema, "na mie mwenyewe sijajiona mzima. Wataniambia tu kwamba nilipendeza."

Mjini alikuwepo mpiga picha mwenye duka na mapazia. Lakini alikuwa mwanamume, na kwenda kwake ni kuvua buibui mbele ya mtu asiye ndugu wala mume. Hilo Sabiha hakulitaka, wala mama yake, wala yeyote aliyekaa uani siku ile. Wako watu, tena wasomi, wanaodhani wanawake wale walizichukia picha. Si kweli hata kidogo. Walizitaka kuliko waume zao. Walichokosa ni wa kuwapiga.

"Nyamaza," Mastura akamwambia. "Nitakupiga miye."

Uani wakacheka wote. Mastura akawaacha wacheke, akaosha vyombo vyake vya piko, akaenda zake. Alikuwa amekwisha kuamua, na Mastura akiamua jambo, kumgeuza ni kupoteza wakati wako bure.

Alichobakiwa nacho kutoka kwa mume wa pili kilikuwa kidani kimoja cha dhahabu. Akakipeleka kwa sonara, akarudi na shilingi mia tatu na ishirini amezifunga kwenye pindo la kanga. Kabla hajalala habari zilikuwa zimemfikia kaka yake.

Mselem alikuwa karani wa bandarini. Baiskeli yake ilikuwa na taa mbili na kengele mbili, ingawa mpanda ni mmoja na barabara ni ile ile. Hakuwa mtu mbaya. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyebaki kuwa mwanamume wa familia, na mzigo ule aliubeba kwa moyo wote, pengine kupita kiasi. Siku zile alikuwa na barua ya posa kutoka kwa Bwana Shekhe wa Pangani, mwenye mashamba ya minazi na wake wawili, akimtaka Mastura awe wa tatu.

"Umeuza kidani ununue kamera?" akauliza. "Dada yangu, watu wanauza kamera wanunue kidani!"

"Hao ni watu wengine, kaka."

Mselem akazunguka uani mara mbili, mikono mgongoni. Mwisho akasema, "Haya. Nakupa mpaka mwezi wa Rajabu uandame. Siku hiyo nitakuja, unionyeshe kazi yako kwa macho yangu. Ukiwa nayo, Bwana Shekhe nitamjibu mwenyewe. Huna, kamera inauzwa na wewe unakwenda Pangani."

"Nimekubali," Mastura akasema.

Pangani kwenyewe hakukuchukia. Alichokichukia ni kuwa mke wa mtu aliyemtaka kwa sababu alisikia kwamba anajua kupika samaki wa kupaka. Alikwisha kuwa mpishi wa wanaume wawili. Sasa alitaka nyumba ambayo ataamka asubuhi na kujiuliza mwenyewe anakwenda wapi leo, na kamera ndiyo iliyokuwa mlango wa nyumba hiyo. Akikosea kuchagua, hakuna kidani cha pili.

Duka la Bwana Idarusi liliuza redio, karabai, saa za ukutani, na katika kabati moja la kioo, kamera. Mastura akaenda na wifi yake, Semeni, mke wa Mselem. Bwana Idarusi aliwakaribisha vizuri, maana mkewe naye alichorwa na Mastura. Akatoa kwanza kamera ya mraba, nyeusi, nyepesi kama kikebe cha biskuti. Shilingi arubaini na tano.

"Hii nisikudanganye," akasema. "Inafaa kupigia meli. Ukimsogelea mtu karibu, uso wake unakuwa ukungu. Ukikaa mbali, uso unakuwa punje ya mchele."

Mastura akairudisha. Mtu hakai siku mbili na nusu akichorwa ili awe punje ya mchele.

Ndipo Bwana Idarusi akatoa ya pili, akaiweka juu ya kitambaa. Ilikuwa ya Kijerumani, imevishwa ngozi nyeusi na kingo za fedha. Akabonyeza kitufe, mlango ukafunguka, mikunjo ikatoka kama kodiani, na jicho la kioo likamtazama Mastura usoni. Tuseme ukweli, aliipenda. Alimpenda mume wa kwanza kwa namna hiyo hiyo na kwa muda mfupi zaidi. Bei yake ilikuwa shilingi mia mbili na themanini.

"Nipe siku moja niijaribu," akasema. "Sinunui kanga bila kuikunjua."

Idarusi akakuna kichwa, akamfikiria mkewe, akampa. Akatia ndani mkanda wa picha nane, akamwonyesha pa kubonyeza, pa kuzungusha na pa kufungua.

Kesho yake uani kwa Bi Mwanamkasi ilikuwa kama sikukuu. Semeni alikuja na gauni la hariri ya rangi ya zambarau, majirani wakaja na vikuku na marashi, ingawa marashi hayatoki kwenye picha. Bi Mwanamkasi peke yake hakusogea. Alikaa juu ya mbuzi yake akikuna nazi, na alipoitwa alijibu neno moja tu, "Sipigwi." Hadi adhuhuri picha nane zilikuwa zimekwisha, na Mastura alikuwa na hakika kwamba kamera amepata.

Alasiri Mselem akapita kutoka kazini. Akaiona kamera, akaishika, akaivaa shingoni, akajitazama kwenye kioo cha baiskeli yake.

"Hii ndiyo kamera!" akasema. "Kizuri chajiuza. Ukitembea nayo hii watu wanajua fundi anapita. Mkanda niachie miye, Mastura. Nitaupeleka kwa yule mpiga picha mjini autie dawa. Keshokutwa picha zako tayari."

Sauti ya mbuzi ya nazi ikakoma.

"Huyo mpiga picha," Bi Mwanamkasi akauliza, "ni nani yake Semeni?"

"Mama, si nani yake. Ni fundi tu."

"Nimekuuliza ni nani yake. Kaka yake? Mjomba wake? Maana ataikamata sura ya mkeo kwa vidole vyake, ataigeuza huku na huku, ataianika kwenye kamba mpaka ikauke. Na gauni lile la hariri, kifua wazi—"

"Gauni gani la hariri?" akauliza Mselem.

Semeni akakumbuka kwamba ana kitu jikoni.

Mastura aliona aibu, tena aibu ya fundi, ambayo ni kali kuliko ya mtu wa kawaida. Alipima bei. Alipima kioo. Aliuliza umbali, mwanga na uzito. Kitu kimoja hakuuliza, naye ndiye aliyekulia nyuma ya milango ya Ngamiani, aliyejua ni nani anavua mtandio mbele ya nani. Alidhani kwamba mpiga picha akiwa mwanamke mambo yamekwisha. Kumbe kupiga ni nusu ya kazi. Picha inapigwa na mmoja, inaoshwa na mwingine, na huyo mwingine ndiye anayekaa na wanawake wanane gizani.

Akamvua kaka yake kamera shingoni. Akatoka katikati ya ua, juani, akafungua mgongo wa ile kamera kama alivyofundishwa, akauvuta mkanda wote nje mpaka ncha. Picha nane zikafa pale pale.

"Umerukwa na akili!" Mselem akapiga kelele. "Siku nzima ya kazi!"

"Siku nzima ya watu walioniamini," akasema Mastura. "Heri wanidai picha kuliko wanidai nyuso zao."

Asubuhi akairudisha kamera dukani na akaulipia mkanda. Bwana Idarusi akaikagua, akaona haina hata mkwaruzo.

"Sasa imekosa nini?"

"Haijakosa kitu. Ni nzuri. Ila ina mdomo, Bwana Idarusi. Nikiiambia siri ya uani, lazima ikamwambie mwanamume mwingine."

Idarusi alikuwa mtu mzima na mwenye mabinti, akaelewa. Akafikiri kidogo, akasema, "Kuna kamera isiyomwambia mtu. Ile ya mbao, ya wapiga picha wa barabarani. Haina mkanda. Picha inaoshwa humo humo tumboni. Miye siuzi, lakini yuko mzee mmoja huko Pongwe, anaitwa Ernesti. Nasikia anarudi kwao milimani na anauza."

Wakapanda basi, Mastura na Semeni, wakashuka Pongwe. Mzee Ernesti alikuwa Msambaa, Mlutheri, na kwa miaka mingi aliwapiga picha manamba wa mashamba ya mkonge, wale waliotaka mama zao huko mbali waone kwamba bado wako hai na wana viatu. Sasa magoti yalikuwa yamemchoka na alitaka kwenda kulima kahawa yake.

"Shikamoo, mzee," akasema Mastura.

"Marahaba, mama. Kamera ndiyo hii hapa."

Ilisimama chini ya paa la nyumba. Sanduku la mbao kubwa kama kasha la sabuni, limetiwa viraka vya bati la debe, miguu mitatu, mmoja wao ni mpini wa jembe. Nyuma lilikuwa na mkono wa nguo nyeusi ulioning'inia kama mkono wa kanzu.

"Wifi," Semeni akanong'ona, "hili si banda la kuku?"

Mzee Ernesti akamketisha mkata mkonge mmoja aliyekuwa akisubiri. Akafunua kifuniko cha jicho, akahesabu mpaka tatu, akafunika. Kisha akaingiza mkono wake ndani ya ile nguo mpaka begani, akatazama angani kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na karatasi, bakuli la dawa ya kuitoa sura na bakuli la dawa ya kuishika isifutike. Akatoa karatasi iliyolowa. Sura ilikuwa ya kinyume, uso mweusi tititi na nywele nyeupe. Hiyo aliiita nyeusi. Akaisuuza, akaibandika kwenye kibao mbele ya jicho la kamera, akaipiga picha nayo, akaingiza mkono tena. Safari hii alitoka mkata mkonge mwenyewe, kamili, na kovu lake la shavuni. Maji ya chai yalikuwa hayajachemka bado.

Mastura akauliza maswali matatu. La kwanza, nani mwingine anaona?

"Humo ndani hata mimi sioni vizuri," akasema mzee. "Mkono ndio unaona."

La pili, karatasi na dawa vinagharimu nini? Mzee akamtajia, na Mastura akapiga hesabu kichwani haraka kuliko karani wa bandarini. Ile ya Kijerumani ingemaliza kidani chote, na siku ya pili ingekaa na njaa. Hii ilikuwa shilingi mia na hamsini pamoja na miguu yake, na zilizobaki zingeilisha miezi mitatu. Kamera, alikuja kusema baadaye kwa kila aliyemwomba ushauri, huinunui mara moja. Unainunua kila unapoilisha.

La tatu, hizi nyeusi zinabaki kwa nani?

"Wengi huniachia. Ninazo debe zima ndani."

Mastura akalifikiria debe lile, nyuso za watu zimelaliana gizani. "Kwangu," akasema, "nyeusi itaondoka na mwenyewe."

Akalipa. Alikaa siku mbili pale kwa mzee akifundishwa, na aliyemfundisha zaidi alikuwa mke wa mzee, maana yeye ndiye aliyechanganya dawa miaka yote huku mumewe akisifiwa barabarani.

Nyumbani Mselem alipoliona lile sanduku alikaa kitako barazani akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kibaya chajitembeza," akasema, "na hiki kina miguu mitatu ya kujitembezea!" Mastura akaliingiza uani, akaanza kujaribu. Aliharibu karatasi kumi na moja mfululizo. Nyingine zilitoka nyeusi kama sufuria, nyingine nyeupe kabisa kama hapakuwa na mtu. Lakini mwanamke aliyekaa miaka kumi na tano akichanganya piko na kujua kwa jicho ni lini limeiva hakosi kujifunza dawa mbili za kwenye bakuli. Kwenye karatasi ya kumi na mbili alitoka paka, amelala, kila ndevu yake mahali pake.

Tena likadhihirika jambo ambalo Mzee Ernesti, kwa kuwa mwanamume, hakuweza kulijua. Kamera ile ilitaka jua la kutosha, mahali pa wazi, na mtu aliyetulia. Wanaume waliipeleka barabarani kwa sababu hawakuwa na mahali pengine. Lakini ni wapi pana jua, pana nafasi, na mwanamke amekaa kwa raha yake, kichwa wazi, bila kumwogopa mpita njia? Ni uani. Kamera ile ilikuwa ya uani tangu zamani, haijapelekwa tu.

Wa kwanza alikuwa Sabiha. Alikuwa amekwisha kuolewa, kwa hiyo Mastura alimchora upya, bure, kwa kuwa ahadi ni deni. Sabiha akakaa, jicho likafunuliwa, likafunikwa. Alipopewa picha yake aliitazama kuanzia vidole vya miguu hadi utosini. Kisha akapewa ile nyeusi.

"Hii ni yako. Ichome, ifukie, uile ukitaka. Kwangu haibaki."

Sabiha akaitumbukiza jikoni kwa mkono wake. Wanawake waliokuwepo wakaona ilivyoungua, na hilo ndilo lililokuwa tangazo. Haikupita wiki Mastura akawa anaitwa. Mwenye mkokoteni alilifikisha sanduku mlangoni, akapewa chake, akaondoka. Ndani ya ua walioingia ni wanawake tu. Walipigwa mabibi arusi, wakapigwa mama zao, wakapigwa wajawazito waliotaka kukumbuka walivyokuwa. Akaitwa mpaka mtaa wa Makorora. Huko hata Yudith, mke wa mwalimu wa Kilutheri, ambaye hakuwa na la kuficha na alikwisha kupigwa mjini mara mbili, alikuja kukaa kwenye kiti cha Mastura. Alisema amechoka kuambiwa na mpiga picha mwanamume afunge mdomo.

Asubuhi moja, Mastura akijiandaa kutoka, Bi Mwanamkasi akafunga mlango wa uani kwa komeo. Akasema, "Leta hilo sanduku lako."

Mastura akageuka. Mama yake alikuwa amevaa leso mpya, na masikioni ametia majasi ya dhahabu. Majasi yale aliyavua siku alipoingia eda ya mumewe, miaka ishirini nyuma, na tangu hapo hakuna aliyeyaona. Mastura hakuthubutu hata kusema amependeza. Akaweka kiti juani.

"Usiniambie nitulie," mama akasema. "Nimetulia tangu wewe hujazaliwa."

Neno hilo likamchekesha mwenyewe aliyelisema, na kifuniko kilikuwa tayari kimefunuliwa. Alitoka anacheka. Kidevu juu, majasi yanang'aa, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwogopa, anacheka. Akaitazama picha, akaikunja ndani ya leso. Ile nyeusi akaitia jikoni yeye mwenyewe, akasubiri mpaka iwe jivu.

"Akijua mtu, hata kaka yako," akasema, "mimi na wewe hatujuani. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mwezi wa Rajabu ukaandama siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi, kabla ya swala, Mselem akaja amevaa kanzu na koti, na ndani ya koti bahasha ya Pangani. Semeni alikuwepo, na majirani wanne waliokuja kwa ajili ya picha wakakimbilia vyumbani kujifunika. Mselem akakaa kwenye kiti cha wateja, sanduku likamtazama.

"Haya dada. Siku imefika. Nionyeshe."

"Sina cha kukuonyesha, kaka."

"Umepiga picha ngapi?"

"Zimepita mia."

"Nionyeshe moja."

"Hakuna hata moja yangu. Picha wanazo wenyewe, na nyeusi zimechomwa. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Tazama gunia la mchele lile, nimenunua miye. Tazama paa, makuti mapya."

Mselem hakukasirika. Alihuzunika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mastura, mchele hata mke wa Bwana Shekhe atakula. Tulisema kazi, kwa macho yangu. Yule fundi wa mjini ana dirisha zima la picha, kila mtu anaona anafanya nini. Wewe unaniambia mia, na ninaona sanduku tupu. Nikamjibu nini mtu wa watu? Kwamba dada yangu anafanya kazi isiyoonekana?"

Picha moja tu ingetosha, na Mastura alijua iko wapi: hatua chache tu kutoka pale, chumba cha kushoto, chini ya mto wa mama yake. Kaka yake ni mtoto wa mama yule yule, hakuna haramu yoyote. Neno moja tu na Pangani imekwisha. Lakini kama angeitoa siri ya mama yake ili ajiokoe, basi kamera yake ina mdomo kama ile ya Kijerumani, na karatasi zote mia zilikuwa kazi bure.

"Siri ya mtungi aijuaye ni kata," akasema. "Na kata haisemi, kaka. Andika barua yako."

Mselem akatoa bahasha, akaiweka gotini.

Mlango wa chumba cha kushoto ukafunguka. Bi Mwanamkasi akatoka polepole, akamfikia mwanawe, akafungua leso. Akamwekea picha juu ya ile bahasha.

"Kwa macho yako," akasema. "Tazama basi."

Mselem akatazama. Majasi yale aliyaona mara ya mwisho akiwa na miaka kumi na saba, babake akiwa hai, nyumba imejaa watu. Kicheko kile alidhani kimezikwa pamoja na mzee Miraji. Alikipokea mkononi, cha ukubwa wa nusu ya kiganja, na machozi yakamtoka, naye safari hii hakuwa akicheka. Hata majirani vyumbani walinyamaza, na majirani wale hawakuwa na desturi hiyo.

"Mastura," akasema mwisho, "nipatie na miye moja kama hii."

"Haipo. Nyeusi yake mama aliichoma."

"Basi hii niachieni."

Bi Mwanamkasi akaichukua kutoka gotini kwake, akaifunga tena ndani ya leso. "Hii yangu."

"Basi mpige tena! Nitalipa. Nitalipa zaidi ya watu."

"Utalipa kama watu," Mastura akasema. "Mama akikubali."

Wote wakamgeukia Bi Mwanamkasi. Akamtazama mwanawe, kanzu yake, koti lake, macho yake mekundu. "Nitakubali," akasema. "Lakini toka nje. Wamo wake za watu humu ndani wanangoja zamu yao, na siku ya picha mwanamume hakai uani."

Mselem akatoka. Komeo likafungwa nyuma yake. Akakaa barazani, juani, na kutoka ndani akasikia kiti kikiburutwa, wanawake wakirudi uani wakicheka, na sauti ya dada yake ikihesabu bila haraka, moja, mbili, tatu. Jirani mmoja aliyekuwa akienda msikitini akasimama, akamuuliza anangoja nini hapo mlangoni kwao mwenyewe kama mgeni.

"Nangoja picha ya mama," Mselem akasema, akaichukua bahasha ya Pangani akajipepea nayo.